Maua Yanayodumu Juu ya Jiwe la Birere

Mtu anayefika Birere mara ya kwanza haoni maua. Anaona mbao na mabati, maduka yaliyobanana, chukudu zenye kubeba magunia, na watu wanaokwenda na kurudi mpakani wa Gisenyi tangu alfajiri. Anaona tena jiwe jeusi pande zote: chini ya miguu, katika kuta, katika msingi wa kila nyumba. Lakini akitazama vizuri, juu ya ukuta fulani, ao katika bidoni ya manjano iliyokatwa nusu, ataona ua jekundu. Juu ya ua lile tunataka kusema leo. Ni maua gani yanayoweza kukaa katika parsele ya Birere, pahali pa jua na mawe, mwaka kwa mwaka, bila kumtesa mwenye nyumba?

Tunasema "mwaka kwa mwaka" kwa makusudi. Kuna maua yanayoota kwa mbegu, yakachanua, yakatoa mbegu zao, kisha yakafa. Mwenye bustani hana budi kuanza upya kila mara. Tena kuna maua ambayo mti wake ao shina lake ao kiazi chake hubaki hai miaka mingi, na kila wakati wake ukifika yanachanua bila kupandwa tena. Hayo ya pili tuyaite maua ya kudumu. Katika mji ambamo watu wengi hununua udongo kwa magunia na kubeba maji kwa mabega, hayo tu ndiyo yanayofaa kufikiriwa.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tulikuwa tumeona ortansia katika bustani za kando ya ziwa, vichwa vikubwa vya rangi ya buluu na waridi, tukazitamani. Tukaleta miche sita, tukaipanga mbele ya nyumba, pahali jua linapopiga tangu asubuhi hata jioni. Ortansia ni ua zuri, hatulisingizii, lakini kazi yake ni kunywa. Majani yake ni mapana na laini, na maji yanayopanda kwa mizizi yanatoka upesi kwa majani. Wakati wa kiangazi miche ile sita ilikunywa karibu bidoni nzima ya litri 20 kwa siku moja, na bidoni ile tuliipandisha kutoka ziwani. Mama mmoja jirani alituuliza kwa upole kama maua yale yanazaa chakula. Hatukuwa na jibu.

Jibu lilikuja lenyewe. Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipasuka. Moto wake ulishuka hata upande wa Buhene, ukasimama ukingoni mwa mji. Dunia ilitetemeka siku nyingi. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru kartié kumi za Goma zihame, juu ya hofu kwamba moto ulikuwa umekaa chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa. Watu mamia ya maelfu wakaondoka, wengine Sake na Minova, wengine Rwanda, wengine kwa mashua. Siku kama ile mtu hufikiri juu ya watoto, godoro na sufuria. Hakuna anayefikiri juu ya maua. Tuliporudi mwezi wa sita, ortansia zote sita zilikuwa kavu kama tumbako. Lakini karibu nazo, katika sufuria mbovu, kulikuwa na kijiti cha taji la miiba ambacho jirani yuleyule alitupa zamani, nasi hatukukitia maji hata siku moja. Kilikuwa na maua yake mekundu kama kwamba hakuna jambo lililopita.

Tangu siku ile kila ua linaloletwa kwetu tunaliuliza neno moja: mwezi ule tusipokuwapo, wewe utafanya nini?

Mtu wa mji mwingine atasema kwamba hilo ni swali la mvivu. Mtu wa Birere hatasema hivyo. Tarehe 10 Januari 1977 volkano ilimwaga moto wake mara moja, katika muda mfupi tu, ukaja karibu na Goma. Tarehe 17 Januari 2002 ukaingia mjini kabisa: ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji na Birere, ukaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaanguka ziwani. Karibu sehemu 13 kwa mia ya mji ilifunikwa, na watu karibu 120,000 wakabaki bila nyumba. Wengi walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache walirudi wakitembea juu ya jiwe ambalo lilikuwa moto bado. Kisha ikaja 2021 tuliyoisema. Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mjini, na kwa siku kadha maji na umeme vikakatika. Ua linalomtaka bwana wake kila asubuhi na kila jioni si ua la mji huu.

Sasa tuangalie jua na jiwe, maana watu hukosea hapo. Wengi hudhani kwamba Goma ni mji wa joto. Sivyo. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa metri karibu 1,460, na hewa ya Goma ni ya wastani. Anayetoka Kindu ao Kisangani huomba koti jioni. Joto linaloua maua Birere halitoki katika hewa. Linatoka chini. Jiwe jeusi hunywa jua tangu saa tatu za asubuhi, na saa nane mtu hawezi kuligusa kwa mkono muda mrefu. Bati la jirani nalo linarudisha jua kama kioo. Mmea uliopandwa kati ya ukuta wa mawe na bati unapigwa na jua mara tatu: kutoka juu, kutoka kando, kutoka chini. Ndiyo maana ua linalokaa vizuri katika bustani ya seminari yenye majani mengi linaweza kufa parsele ya pili, na hewa ni ileile.

Jambo la pili la jiwe ni maji. Mvua ya Goma si kidogo. Ni miezi ya sita, saba na nane tu ambayo ni mikavu kweli, na kidogo mwezi wa kwanza na wa pili. Lakini jiwe la volkano limejaa vitundu na nyufa. Mvua kubwa ya usiku inapita ndani yake kama katika kitunga, na asubuhi mmea una kiu. Kwa hiyo hata wakati wa mvua, mimea ya Birere inaishi kama mimea ya inchi kavu.

Na jambo la tatu ni chakula. Jiwe la Nyiragongo si maskini. Lina potasi na fosfori nyingi, vitu ambavyo walimaji wa inchi nyingine hununua kwa bei kali. Lakini jiwe jipya halina azoti, ile inayofanya majani kuwa mabichi, wala halina mboji, maana moto haukuacha kitu kioze ndani yake. Tazameni mawe ya 2002 pahali ambapo hayakujengwa: yalianza kwa kuvaa kitu cha rangi ya majivu, kikavu, kinachofanana na povu, kisha majani ya feni yakatokea katika nyufa, kisha vichaka vidogo. Vile vya kwanza vinatengeneza udongo kwa ajili ya vile vinavyofuata. Mwenye bustani naye hufanya kazi ileile, lakini hana nafasi ya kungoja miaka mingi.

Ua la kwanza tunalolisifu ni lile lililotupa somo, yaani taji la miiba. Wataalamu huliita Euphorbia milii, juu ya bwana Milius, gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambaye alilipeleka Ufaransa mwaka 1821. Kwao ni Madagaska. Shina lake nene linaweka maji ndani. Kiangazi kikizidi linaangusha majani na kubaki na miiba, kisha mvua ikirudi linavaa tena. Vile vinavyoonekana kuwa maua, vyekundu ao vya waridi ao vya manjano, ni majani madogo yaliyopakwa rangi, na ua lenyewe ni dogo sana katikati. Ndiyo sababu uzuri wake unadumu majuma mengi bila kunyauka. Lina hatari moja: maziwa yake yanachoma ngozi na yanaumiza macho vibaya. Penye watoto wadogo liwekwe juu ya ukuta, na mtu anayelikata anawe mikono mbele ya kugusa uso wake.

Mwenzake ni bugenvilea. Hili nalo linadanganya macho: rangi ni ya majani, na ua ni kile kidudu cheupe kilichofichwa ndani. Mfaransa Commerson aliliona Rio de Janeiro mwaka 1767, akalipa jina la mkubwa wa safari yake, Bougainville. Kwa ukuta wa mawe wa Birere hatujui ua linaloshinda hili. Mizizi yake inatafuta nyufa, inateremka, inajipatia maji ambayo sisi hatuyaoni. Lakini watu wengi hulikosea kwa wema. Wanalipa mbolea nyingi na maji kila siku, kisha wanauliza mbona lina majani tu. Bugenvilea iliyoshiba haichanui. Lazima ione njaa kidogo. Tena ikatwe mara mbili kwa mwaka, isipande juu ya bati wala isiingie kwa jirani, maana miiba yake imekwisha kuleta magomvi mengi ya mpaka wa parsele. Na matawi makavu yaliyokatwa yasilundikwe karibu na nyumba za mbao. Birere imeungua mara nyingi. Hatutaki maua yawe kuni za moto.

Kisha aloe na kalankoe. Hapa tuseme jambo ambalo lilitushangaza tulipojifunza mara ya kwanza. Majani ya kila mmea yana vitundu vidogo sana ambavyo kwavyo mmea unavuta hewa. Mimea mingi hufungua vitundu hivyo mchana, na kwa nafasi hiyohiyo maji yake yanatoka na kupotea. Aloe na kalankoe hufanya kinyume. Mchana, jiwe likiwaka, hufunga milango yote. Usiku, jiwe likipoa, hufungua, huvuta hewa, huiweka akiba, na kesho yake jua likitoka hufanya kazi kwa akiba ile. Kwa hiyo aloe inaweza kukaa majuma mengi juu ya jiwe bila tone la maji. Majani yake manene yenye ngozi kama nta yana faida nyingine tena: katika miaka iliyofuata 2002 volkano ilitoa gasi nyingi ya kiberiti, na mvua iliyopita katika moshi ule ilichoma majani laini ya mashamba na ya bustani. Majani magumu huvumilia mvua ya namna hiyo kupita majani laini.

Kuna ua dogo la waridi ao jeupe, lenye majani matano ya maua na jicho katikati, ambalo watu wengi hawalijui jina ingawa wanaliona kila siku. Wataalamu huliita Catharanthus roseus, nalo ni la Madagaska vilevile. Mti mmoja unaishi miaka michache tu, lakini unaangusha mbegu zake katika nyufa, na watoto wake wanaota wenyewe pahali ambapo mtu hawezi kuingiza hata kidole. Tangu miaka ya 1950 na 1960 madaktari wametoa katika mmea huu dawa mbili kubwa za kansa, zaidi kansa ya damu ya watoto. Lakini neno hili lisimdanganye mtu! Dawa zile zinatengenezwa kwa vipimo vidogo sana hospitalini, na mmea wenyewe ni sumu. Asiwepo mtu wa kuchemsha majani yake na kunywa.

Franjipani tunaipenda kwa harufu yake ya jioni. Ni mti mdogo, unaangusha majani wakati mkavu na kusimama uchi kama umekufa; wageni huung'oa kwa haraka, kisha hujuta. Jeraniumu nayo inafaa, lakini ipewe kivuli kidogo cha mchana. Kana, yenye majani mapana na maua mekundu, ni mnywaji kama ortansia, lakini ina kiazi chini ya udongo kinachomlinda. Tunaipanda pahali pamoja tu, pale tunapomwaga maji ya kuogea, na hapo haimwombi mtu kitu.

Mnaona kwamba karibu maua hayo yote ni wageni, kutoka Madagaska ao Amerika. Tusisahau ya kwetu. Aloe nyingi ni za Afrika, tena kuna gladiolo ya porini, Gladiolus dalenii, inayoota katika majani ya milima ya inchi hizi. Wakati wa kiangazi haionekani kabisa: imelala chini katika kiazi chake. Mvua ikija inatoa upanga wa majani, kisha maua ya rangi ya chungwa. Ua linalolala wenyewe wakihama, likaamka wenyewe wakirudi, tungemtafuta wapi mwingine anayetufaa kupita huyo? Anayetaka kuipanda aombe viazi kwa mtu mwenye nayo shambani, asiende kuiba katika mbuga za Virunga.

Maua mawili tunayakataza. La kwanza ni lantana. Ni kweli halihitaji kitu, lakini ndege hula matunda yake na kuyapanda popote. Huko vijijini linafunga malisho, na ng'ombe wanaokula majani yake huugua. Atakayelipanda Birere atalipeleka Masisi bila kujua. La pili ni tithonia, lile ua la manjano la kando ya barabara linalofanana na alizeti. Lisipandwe katika parsele ndogo, maana litakula parsele yote. Lakini likatwe huko liliko! Majani yake yana azoti nyingi, ndiyo ileile tuliyosema jiwe halina. Gunia moja la majani yake mabichi, yakikatwa vipande na kuchanganywa na udongo, maganda ya ndizi na vumbi la makala, likangoja majuma manne ao matano chini ya kifuniko, linakuwa mbolea nzuri, na bei yake ni safari moja ya chukudu. Wengine hutuuliza pia juu ya pireta, ua jeupe la kuua wadudu, kwa sababu wanaliona linastawi katika milima. Pireta inadai baridi ya usiku ili ifanye maua. Ikiteremshwa mjini inatoa majani mengi na maua haba. Iacheni milimani.

Namna ya kupanda si ngumu. Ngozi ya juu ya jiwe la volkano ina vitundu vingi, nayo inapasuka kwa nyundo na ile fimbo ya chuma tunayoiita baramini. Chini yake jiwe ni gumu kupita, wala hakuna haja ya kushindana nalo. Shimo la kina cha mkono mmoja linatosha, zaidi likipata ufa chini. Vipande vidogo vya jiwe visitupwe: tunavichanganya na udongo, nusu kwa nusu, kwa ajili ya taji la miiba na aloe, maana mimea hii haifi kwa kiu, inakufa kwa kuoza mizizi. Kwa bugenvilea na kana, udongo uwe mwingi zaidi. Asiye na pahali pa kutoboa achukue bidoni iliyopasuka, aikate, aitoboe matundu chini, na aipake chokaa nyeupe kwa nje, isiwe tanuru. Juu ya udongo tunaweka majani makavu, upana wa vidole vitatu, lakini yasiguse shina.

Miche hainunuliwi. Maua haya karibu yote yanaanza kwa kipande cha tawi, na tawi linaombwa kwa jirani. Tawi la bugenvilea liwe la unene wa kidole na vifundo vinne, viwili viingie udongoni. Tawi la taji la miiba, la franjipani na la kalankoe lisipandwe siku ileile: lilazwe kivulini juma moja hata jeraha lake likauke, bila hivyo litaoza. Wakati mwema ni mwezi wa tisa, mvua inaporudi, ili mizizi ipate miezi mingi mbele ya kiangazi. Mwezi wa kwanza maji mara mbili kwa juma. Kisha mara moja. Kisha mtu ajizuie. Kwetu kujizuia ndiko kulikuwa kugumu kupita yote.

Yule mama jirani tulimrudishia deni lake mwaka uliofuata: matawi manne ya kijiti chake mwenyewe, maana lake lilikuwa limekanyagwa siku ya kuhama. Aliyapokea, akayafunga katika gazeti la zamani, akayalaza chini ya kitanda juma zima kama tulivyomwambia, ingawa yeye alijua jambo hilo mbele yetu. Sasa yamefika urefu wa goti, na mawili amekwisha kuyakata kwa ajili ya binti yake anayekaa Kahembe.